Kompyuta Inayogoma Asubuhi: Jinsi ya Kuichunguza Hitilafu Inayojificha

Mashine iliyokufa kabisa humsumbua fundi kidogo kuliko mashine iliyo nusu hai. Iliyokufa hukaa mezani kimya, ikapimwa sehemu baada ya sehemu, na aghalabu chanzo cha kifo chake hujulikana siku hiyo hiyo. Lakini mashine inayowaka leo na kugoma kesho ina tabia ya kupona mbele ya fundi. Ikipelekwa karakana huwaka kwa kubonyezwa mara moja. Ikirudishwa ofisini hugoma tena. Kwa sababu hiyo kompyuta nyingi za mezani ambazo zingeweza kutengenezwa kwa gharama ndogo hutupwa, au hubadilishwa vipuri vizima ambavyo havikuwa na kosa lolote.

Makala haya yanaeleza jinsi hitilafu ya namna hiyo inavyoweza kufuatiliwa kwa utaratibu wa kisayansi, hata pale ambapo vifaa vilivyopo ni bisibisi, mita ya umeme na daftari. Kati ya vitu hivyo vitatu, daftari ndilo hupuuzwa zaidi.

Ofisi ya kuchapa nyaraka

Iyunga, katika Jiji la Mbeya, ni mahali palipozoea kazi za ufundi. Hapo ndipo ilipo stesheni ya Mbeya ya Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, na hapo ipo Shule ya Sekondari ya Ufundi ya Iyunga. Si mbali na hapo kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambacho kilianza mwaka 1986 kikiwa Chuo cha Ufundi. Palipo na shule, chuo na barabara kuu iendayo Tunduma, hapakosi ofisi ndogo za kuchapa na kurudufu nyaraka, ambamo kompyuta moja hulisha familia nzima.

Ichukuliwe kwa mfano ofisi moja ya aina hiyo. Mfano huu umetungwa kwa ajili ya maelezo tu, lakini mambo yake yote hutokea kila mwaka. Ofisi ina kompyuta mbili za mezani za aina moja, zilizonunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo. Mwezi wa Julai, saa 1 asubuhi, mama mwenye ofisi anabonyeza kitufe cha kompyuta ya kwanza. Hakuna taa, hakuna feni. Anabonyeza tena na tena. Baada ya nusu saa hivi, bila sababu inayoonekana, mashine inawaka na kufanya kazi mpaka jioni kana kwamba haikuwa na tatizo. Siku mbili zinapita salama. Siku ya tatu inagoma tena, wanafunzi wakiwa wamepanga foleni mlangoni wakisubiri kuchapishiwa ripoti zao.

Kijana mmoja anayejua kompyuta kidogo anaitazama na kutoa hukumu: "Mama, bodi kuu imekufa. Nunua nyingine." Bei ya bodi kuu ni karibu na bei ya mashine nzima. Jirani anasema kosa ni la umeme wa mtaani. Mwingine anashauri mashine iachwe ikiwaka usiku na mchana bila kuzimwa. Kila mmoja ana jibu, wala hakuna aliyepima kitu.

Mzee mmoja fundi wa redio anapopita kuchukua nakala zake, anaamkiwa shikamoo na kuelezwa mkasa huo. Baada ya kuitikia haombi bisibisi. Anauliza maswali matatu: mashine hugoma saa ngapi, ilikuwa imefanyiwa nini usiku uliotangulia, na kabla ya kuwaka ilikaa kwa muda gani soketi ikiwa imewashwa. Mama hawezi kuyajibu yote. Mzee anamwambia anunue daftari.

Daftari la majuma mawili

Kwa muda wa asubuhi 14 mama anaandika mambo manne: saa ya kuwasha, kama kuna baridi kali au la, kama soketi ya ukutani ilizimwa usiku, na kama kompyuta iliwaka kwa mara ya kwanza. Daftari likafunua mambo ambayo kichwa peke yake hakikuweza kuyakumbuka.

Asubuhi 12 zilifuata usiku ambao soketi ilizimwa, kwa sababu mama huzima kila kitu anapofunga ofisi. Katika asubuhi hizo 12, mashine iligoma mara 4. Usiku mbili soketi ilisahauliwa ikiwa imewashwa, na asubuhi zote mbili mashine iliwaka mara moja. Kadhalika, haikutokea hata siku moja kwamba mashine igome mchana baada ya kwisha kufanya kazi. Na kila ilipogoma, iliwaka baada ya kukaa dakika 20 hadi 40 soketi ikiwa imewashwa.

Habari hizo si uthibitisho bado, lakini zinaelekeza njia. Kama kosa lingekuwa la umeme wa mtaani, kompyuta ya pili iliyo kwenye soketi ya jirani ingelalamika pia, na usumbufu mkubwa zaidi ungetazamiwa jioni, wakati nyumba nyingi zinapopika na kuwasha taa. Hapa, kinyume chake, shida ilikuwa ya asubuhi, ya baridi, na ya mashine iliyokaa bila umeme usiku kucha.

Mambo yanayotokea kitufe kinapobonyezwa

Ili kuelewa maana ya daftari hilo yafaa kujua safari ya umeme ndani ya kompyuta. Umeme wa nyumbani nchini Tanzania ni wa volti 230, na mkondo wake ni mkondo geu, yaani hubadili mwelekeo mara kwa mara. Kompyuta haiwezi kuutumia hivyo ulivyo. Nyuma ya mashine kuna kisanduku cha bati chenye feni, ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Kazi yake ni kuugeuza umeme huo kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, volti 5 na volti 3.3.

Tangu mwaka 1995, kampuni ya Intel ilipotoa mpangilio uitwao ATX, kitufe cha mbele hakikati wala kuunganisha umeme mkubwa. Kitufe hicho ni mjumbe tu. Pawasaplai ikiwa imechomekwa ukutani hutoa wakati wote volti 5 kidogo za kungojea, katika waya wa rangi ya zambarau, hata kompyuta ikiwa imezimwa. Volti hizo huiweka bodi kuu macho. Mtu anapobonyeza kitufe, bodi kuu huushusha waya wa kijani hadi karibu na volti sifuri, na hiyo ndiyo amri kwa pawasaplai iamke. Pawasaplai huamka, hujipima, na ikiridhika kwamba volti zake zimetulia hupeleka kibali kwa waya wa kijivu baada ya sehemu ndogo ya sekunde. Ndipo kompyuta huanza kufikiri.

Kwa hiyo "kompyuta imegoma kuwaka" ni jina moja la magonjwa kadhaa. Huenda umeme haukufika, au volti za kungojea hazikutosha. Huenda mjumbe hakufika, au amri ilifika ikakosa mtekelezaji. Pia huenda pawasaplai iliamka lakini ikanyima kibali. Fundi anayebadilisha bodi kuu kabla ya kujua mnyororo umekatika wapi anabahatisha.

Kwa nini baridi?

Ndani ya pawasaplai, na juu ya bodi kuu pia, kuna vikopo vidogo vya alumini vinavyosimama kama matangi. Hivi ni kapasita za elektroliti. Kazi ya kapasita hizi yaweza kufananishwa na ile ya tangi la maji lililo juu ya nyumba: pampu husukuma maji kwa mikupuo, lakini bomba la jikoni hutiririka sawasawa kwa sababu tangi hupokea mikupuo na kutoa kwa utulivu. Kapasita hupokea umeme unaokuja kwa mikupuo na kuutoa ukiwa umetulia.

Ndani ya kikopo hicho kuna karatasi nyembamba mbili za alumini zilizoviringwa pamoja na karatasi ya kawaida iliyoloweshwa kwa kimiminika kinachopitisha umeme. Kimiminika hicho ndicho uhai wa kapasita. Kwa miaka mingi ya joto la kazi, hupungua na kupenya kidogo kidogo kwenye kizibo cha mpira kilicho chini. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10 za Selsiasi, maisha ya kapasita ya namna hiyo hupungua kwa nusu. Vumbi linaloziba feni kwa hiyo si uchafu tu. Ni mwizi wa umri wa mashine.

Kapasita iliyokaukiwa huwa na ukinzani mkubwa wa ndani, na ukinzani huo huongezeka zaidi kunapokuwa na baridi, kwa sababu kimiminika kilichobaki huwa kizito na hupitisha umeme kwa shida. Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai joto laweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kapasita ambayo Dar es Salaam ingevumilia miezi kadhaa zaidi, katika Nyanda za Juu Kusini hufichua uzee wake mapema. Soketi inapowashwa, sehemu ya pawasaplai inayotoa volti za kungojea hupata joto kidogo, joto hilo huwafikia majirani zake, ukinzani hupungua, na baada ya nusu saa mashine huamka. Hivyo ndivyo inavyoelezeka kwamba usiku ule soketi iliposahauliwa, mashine haikugoma.

Ubovu wa kapasita si jambo geni duniani. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii kapasita nyingi zenye kimiminika kibovu ziliingia katika bodi za kompyuta, zikavimba vichwa na kuvuja kabla ya wakati. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ya Marekani ilitenga dola milioni 300 hivi kwa ajili ya matengenezo ya kompyuta zake za ofisini zilizoathirika.

Utaratibu wa uchunguzi

Pamoja na dalili zote hizo, fundi mzuri haruki moja kwa moja hadi kwenye kapasita. Huanza ukutani na kwenda ndani, akigusa jambo moja kwa wakati mmoja.

1. Soketi na plagi. Taa ya mezani ichomekwe katika soketi ile ile. Soketi iliyolegea hutoa joto na cheche. Fyuzi iliyo ndani ya plagi ipimwe, na waya wa kuongezea uondolewe ili kompyuta ichomekwe ukutani moja kwa moja.

2. Nyuma ya pawasaplai. Baadhi ya pawasaplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230. Kompyuta iliyotoka Marekani yaweza kuja ikiwa kwenye 115. Ikichomekwa hivyo katika umeme wa Tanzania, pawasaplai huungua papo hapo. Swichi hiyo itazamwe kabla ya kuchomeka, si baada.

3. Kitufe cha mbele. Kitufe kilichochakaa huiga dalili za ubovu mkubwa. Waya zake mbili nyembamba huchomolewa kwenye bodi kuu, kisha vijiti viwili vilivyobaki hugusanishwa kwa ncha ya bisibisi kwa muda mfupi. Hapo volti ni ndogo na hazina hatari. Mashine ikiwaka kwa njia hiyo kila mara, kosa ni la kitufe.

4. Volti za kungojea. Mashine ikiwa imegoma, mita huwekwa kati ya waya wa zambarau na waya mweusi. Kipimo kinachokubalika ni kati ya volti 4.75 na 5.25. Kikiwa chini ya hapo asubuhi na kikapanda kadiri muda unavyokwenda, pawasaplai ndiyo mshukiwa wa kwanza. Izingatiwe kwamba baadhi ya viwanda hutumia mpangilio wao wa waya na rangi, hivyo kitabu cha mashine kitazamwe kwanza.

5. Viungo. Mashine ikiwa imechomolewa ukutani, kadi za kumbukumbu na plagi za ndani huchomolewa, hupanguswa vumbi na kurudishwa kwa uthabiti. Betri bapa ya volti 3 iliyo kwenye bodi kuu nayo hupimwa, kwani baadhi ya bodi hukataa kuanza ikiwa imechoka.

6. Kubadilishana. Mwisho, pawasaplai inayoshukiwa hubadilishwa na nyingine inayojulikana kuwa nzima. Bodi kuu huhukumiwa tu ikiwa hitilafu inabaki baada ya hayo yote.

Onyo moja halina budi kusisitizwa. Pawasaplai yenyewe isifunguliwe na asiye fundi. Kapasita kubwa iliyo ndani yake huhifadhi zaidi ya volti 300, na yaweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Hakuna ripoti wala hati iliyo na thamani ya kuhatarishia uhai.

Kupona kwa siku moja si kupona

Katika ofisi ya mfano, hatua ya kwanza hadi ya nne zilifanyika. Asubuhi mashine ilipogoma, waya wa zambarau ulionyesha volti 4.3, nusu saa baadaye zilikuwa volti 4.9. Hata hivyo yule kijana, kwa hamu ya kusaidia, alikwisha kupangusa na kurudisha kadi za kumbukumbu, na asubuhi mbili zilizofuata mashine iliwaka vizuri. Akatangaza kwamba tatizo limekwisha. Asubuhi ya tatu iligoma.

Hapo ndipo penye mtego wa hitilafu inayojificha, na hesabu ndogo huonyesha ukubwa wake. Mashine iliyogoma mara 4 katika asubuhi 12 ina kawaida ya kugoma mara 1 katika 3. Maana yake, hata isipoguswa na mtu, ina nafasi ya 2 kwa 3 ya kuwaka asubuhi yoyote. Nafasi ya kuwaka asubuhi mbili mfululizo ni 2/3 mara 2/3, yaani 4/9, au 44 katika 100. Kwa hiyo kijana aliona jambo ambalo lingeweza kutokea karibu nusu ya nyakati zote bila yeye kufanya lolote. Nafasi ya kuwaka asubuhi 5 mfululizo kwa bahati ni 13 katika 100. Kwa asubuhi 10 nafasi hiyo hushuka hadi chini ya 2 katika 100. Bila shaka hesabu hii hudhani kwamba asubuhi zote zina baridi inayolingana na kwamba soketi huzimwa kila usiku. Mambo hayo yakibadilika, kipimo huharibika.

Kanuni inayopatikana hapa ni fupi: kadiri hitilafu inavyotokea kwa nadra, ndivyo mtu anavyopaswa kungoja muda mrefu zaidi kabla ya kusema imepona.

Mzee akashauri jambo moja tu lifanyike. Kwa kuwa kompyuta mbili zilikuwa za aina moja, pawasaplai zao zibadilishane nafasi, wala kitu kingine chochote kisiguswe, na daftari liendelee. Mama akazima soketi kila jioni kama kawaida yake. Kwa asubuhi 10 mfululizo kompyuta ya kwanza iliwaka kwa kubonyezwa mara moja. Kompyuta ya pili, ambayo haikuwa imewahi kugoma hata siku moja, iligoma asubuhi ya tatu, na tena ya saba. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na pawasaplai. Bodi kuu iliyokuwa imehukumiwa kifo ilionekana haina hatia.

Pawasaplai ile ikapelekwa kwa fundi mwenye karakana, naye baada ya kuitoa umeme wote uliosalia akakuta kapasita mbili katika sehemu ya volti za kungojea zimekauka. Moja ilikuwa imevimba kichwa. Ya pili ilionekana nzima kwa macho, ila mita ikaonyesha kwamba imepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake. Zikachomelewa nyingine zenye uwezo ule ule, volti zisizopungua zile za awali, na za aina inayostahimili nyuzi 105 badala ya 85.

Elimu iliyo karibu na mashine

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta kutoka nje, baada ya mitambo hiyo kuonekana kuleta gharama na matatizo mengi kuliko manufaa. Vikwazo hivyo vililegezwa katika miaka ya 1980. Leo mashine hiyo imetoka katika vyumba vya wizara na kufika katika vibanda vya barabarani, na wengi wanaoitegemea hawana mhandisi wa kumwita. Kwa watu hao, kubadilisha bodi kuu bila sababu ni hasara ya mapato ya miezi. Aidha kila mashine inayotupwa mapema huongeza taka zenye risasi na sumu nyingine katika ardhi na maji.

Mkasa wa asubuhi za Julai haukumalizwa na kipaji cha pekee. Mama mwenye ofisi aliandika alichokiona, fundi akagusa jambo moja kwa wakati mmoja, na wote wawili wakakubali kungoja asubuhi 10 kabla ya kusherehekea. Huo ndio mwenendo wa maabara, na unawezekana Iyunga kama unavyowezekana Ifunda au pengine popote penye soketi na daftari. Mwenye kompyuta inayogoma kwa vipindi na aanze kesho asubuhi: kabla ya kubonyeza kitufe, aandike saa, hali ya baridi, na kama soketi ililala ikiwa imezimwa.